Kidole, Kioo na Mvua za Dodoma

Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili. Baada yake kipimamvua hukaa kikavu miezi mingi. Tuseme mwanafunzi ametengeneza programu ya simu ichorayo mvua ya kila mwezi kwa miaka 40. Nguzo zitakuwa 480. Kila nguzo ikipewa upana wa pikseli 60, yaani nukta ziundazo picha, mchoro mzima utahitaji pikseli 28,800, hali kioo kina 1,080 tu. Nguzo 18 ndizo zionekanazo. Nyingine hazina budi kuletwa kwa kidole.

Mchoro uliobuniwa na mtengenezaji mwenyewe humwachia yeye aamue usogee vipi, na kosa hapo lina gharama. Misimu ya uwanda wa kati hufanana: kundi la nguzo, pengo, kundi jingine. Picha ikiruka, jicho hupoteza hesabu, na mwalimu aweza kusoma mvua za El Niño za 1997/98 akidhani ni za mwaka mwingine.

Kidole kikiwa juu ya kioo, kazi ni nyepesi: mchoro hukifuata. Ugumu huanza kinapoondoka, kwani jicho hutazamia mchoro uendelee kama mpira ubiringikao ardhini, ukipunguza mwendo taratibu. Programu hupima kasi ya kidole katika dakika yake ya mwisho kiooni (sehemu ndogo tu ya sekunde, kwa hakika), kisha huififisha. Katika iPhone kasi hiyo kwa kawaida huzidishwa kwa 0.998 kila milisekunde. Baada ya sekunde moja hubaki kama asilimia 13.5. Huu ni mfululizo wa jiometri uleule wa darasani. Kasi ya mwanzo ikiwa pikseli 2 kwa milisekunde, jumla ya mwendo ni 2 ÷ (1 − 0.998), yaani pikseli 1,000, karibu kioo kizima.

Kioo cha kawaida huchorwa upya mara 60 kwa sekunde, hivyo kila picha ina milisekunde 16.7 tu. Simu ya bei nafuu huchelewa mara kwa mara. Kwa hiyo mahali pa mchoro pahesabiwe kwa saa, wala si kwa idadi ya picha zilizokwisha kuchorwa. Picha moja ikikosekana, ifuatayo itatokea pale ipasapo. Tena zichorwe nguzo zionekanazo pekee, 18 au 19, kwa kuwa za kandoni huweza kuonekana nusu nusu. Na kidole kikigusa tena mchoro ungali ukienda, usimame papo hapo.