Krismasi na Mwaka Mpya London: mambo ya kujua kabla hujauza kahawa ukakata tiketi

Mvua za kwanza zikishuka Songwe na watu wakianza kuandaa mashamba, hapa studio huwa tunapokea swali moja kwa sura tofauti. Mtoto au ndugu yuko London, anasoma au anafanya kazi, na amesema baba au mama aende kula naye Krismasi. Aanzie wapi? Atachukua nguo gani? Na je, ni kweli kuna giza mchana?

Wengi wetu London tuliijua kwa sauti kabla ya picha. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza kutangaza kutoka huko Juni 1957, na wazee waliokaa na redio ya mkulima pembeni miaka ya nyuma wanaweza kukuimbia saa za taarifa ya habari hadi leo. Lakini kuusikia mji na kuingia ndani yake ni mambo mawili, na la pili lina gharama ambazo ukikosea hazirudi.

Sisi watu wa Tunduma tuna tatizo letu la pekee: tumezoea mpaka ulio mlangoni. Unavuka kwenda Nakonde asubuhi, unanunua ulichofuata, unarudi kula mchana nyumbani. Ile hati ya dharura inayokufikisha Zambia haina kazi Uingereza. Huko inatakiwa pasipoti kamili, ambayo tangu 2018 ni ya kielektroniki, ada yake shilingi 150,000, na ombi lake linaanza mtandaoni ukiwa na namba yako ya NIDA na cheti cha kuzaliwa. Kama mzee hana cheti au majina yake hayafanani kati ya karatasi moja na nyingine, shughulikia hilo mwezi wa 5 au wa 6, usisubiri Novemba. Jina lililoandikwa kwa herufi tofauti limechelewesha safari za watu wengi kuliko ukosefu wa nauli.

Baada ya pasipoti inakuja viza, na hapa ndipo pesa za watu zinapopotelea. Mtanzania anayekwenda kutembea Uingereza anaomba viza ya mgeni, inayoruhusu kukaa hadi miezi 6. Ombi linajazwa kwenye tovuti ya serikali yao, gov.uk, ada inalipwa hapohapo kwa kadi ya benki, kisha unakwenda mwenyewe Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900 kutoka Tunduma, kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Ada ilipandishwa Aprili 2025 hadi pauni 127, yaani zaidi ya shilingi laki 4, na wana desturi ya kuipandisha, kwa hiyo iangalie siku unayolipa. Ukikataliwa, hairudishwi. Na kwa viza ya aina hii kwa kawaida hakuna rufaa. Unaomba upya na kulipa upya.

Dirisha la kuomba hufunguka miezi 3 kabla ya safari. Anayetaka kuondoka katikati ya Desemba anaweza kuomba kuanzia katikati ya Septemba. Majibu kwa kawaida hutoka ndani ya wiki 3 tangu siku ya alama za vidole, lakini mwisho wa mwaka usiihesabu hiyo kama ahadi. Kwa mkulima wa kahawa wa Mbozi kalenda hii si mbaya, kwa sababu Septemba ndiyo wakati fedha za msimu zinaingia.

Anayesoma ombi lako ana maswali matatu kichwani. Unakwenda kufanya nini? Nani analipa? Na kitu gani kitakurudisha nyumbani? Swali la tatu ndilo linalowaangusha watu wa vijijini, si kwamba hawana cha kurudia, bali hawakijui kukionyesha kwenye karatasi. Una shamba: weka hati ya kimila. Unauza kahawa kupitia AMCOS: weka stakabadhi za malipo za misimu miwili au mitatu. Una duka: leseni na risiti za kodi. Una mke au mume na watoto wanaobaki: vyeti vyao. Mtoto aliyeko London aandike barua ya mwaliko, aeleze utakaa wapi, nani anagharamia, na aambatanishe uthibitisho wa ukaazi wake na wa kipato chake. Karatasi yoyote iliyoandikwa kwa Kiswahili, hata barua ya serikali ya kijiji yenye muhuri mzuri, lazima iwe na tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa.

Kuna jambo tunalolisema sana hewani na tutalirudia hapa. Usikope milioni kadhaa kwa jamaa ukaziweka benki wiki moja kabla ya kuomba ili akaunti ionekane nene. Yule anayeisoma anaona miezi yote iliyotangulia, na fedha iliyotokea ghafla inazua mashaka kuliko akaunti ndogo yenye historia ya kweli. Kama anayelipa ni mtoto, sema hivyo, na ziwekwe taarifa za benki za mtoto.

Na vishoka. Wapo mjini, wapo stendi, siku hizi wapo kwenye makundi ya simu. Atakwambia ana mtu wake ubalozini, atakutengenezea barua ya kazi na taarifa ya benki. Elewa anachokuuzia: karatasi ya kughushi ikigundulika, aliyedanganya ni wewe mwenye jina kwenye fomu, na unaweza kufungiwa kuingia Uingereza kwa miaka 10. Kishoka yeye atabadilisha laini ya simu. Kijana wa kukusaidia kujaza fomu kwenye kompyuta ni sawa kabisa, mlipe kazi yake, ila soma kila alichoandika kabla hajabonyeza kutuma.

Tuje kwenye giza, kwa kuwa ndilo swali linalotuchekesha na kutufikirisha.

Tofauti ya saa tunaifahamu. Ukivuka kwenda Nakonde saa inarudi nyuma kwa saa 1, ndiyo maana watu hugombana kuhusu miadi. London wakati wa Desemba inarudi nyuma kwa saa 3. Lakini siyo saa tu, ni urefu wa mchana wenyewe. Chukua chungwa, lichome kijiti katikati, liinamishe kidogo, kisha limulike kwa tochi kutoka pembeni huku ukilizungusha. Upande ulioinama kuelekea kwenye mwanga unakaa muda mrefu zaidi kwenye mwanga. Ule ulioegemea nyuma unapata kidogo. Dunia imeinama hivyohivyo. Mwezi wa Desemba sisi wa kusini ndio tumeinamia jua, na London iliyo mbali kaskazini imeegemea nyuma. Siku fupi kuliko zote, tarehe 21 au 22 Desemba, jua la London huchomoza kama saa 2 na dakika 4 asubuhi na kuzama kabla ya saa 10 jioni. Mchana hautimizi saa 8. Siku hiyohiyo Tunduma inapata mchana wa zaidi ya saa 12 na nusu.

Hata hilo jua lenyewe, saa 6 mchana, linakuwa chini kama jua letu la saa 1 na nusu asubuhi, mara nyingi nyuma ya mawingu. Saa zetu za Kiswahili zimejengwa juu ya jua linalochomoza karibu saa 12 kila siku. Kule, saa 12 asubuhi ni usiku mtupu na saa 12 jioni pia ni usiku mtupu. Mzee aliyezoea kuamka na jogoo atakaa kitandani akisubiri kupambazuke. Mwenyeji ajue hilo, asimwache peke yake kwenye nyumba asiyoijua akidhani anapumzika. Mtoke naye nje saa za mchana, hata kwa nusu saa.

Baridi yenyewe si ya kutisha kama watu wanavyodhani. Desemba London mchana hupata nyuzi 8 au 9 za Selsiasi, usiku hushuka hadi 3, 4 au 5. Theluji ni nadra. Aliyekulia Ileje na kuonja Juni ya kule milimani hatashangaa sana. Kinachochosha ni unyevu, upepo na kwamba jua halitoki kuja kukupasha saa 4 asubuhi. Vaa nguo kadhaa nyepesi zilizopandana badala ya moja nzito, maana hewa iliyonaswa katikati ya nguo ndiyo inayotunza joto, na ndani ya nyumba, mabasi na maduka kuna joto kiasi kwamba utahitaji kuvua. Viatu visipitishe maji. Kofia na soksi nzito. Mafuta ya mgando usiyasahau, ngozi hukauka. Na koti usinunue dukani kwa bei ya ng'ombe: pitia mitumba. Yale makoti mazito yanayotoka kwenye belo na kukosa mteja hapa Tunduma yalishonwa kwa ajili ya baridi hiyohiyo. Utakuwa umelirudisha kwao.

Kuhusu mzigo: nyama, hata iliyokaushwa, maziwa na samli haviruhusiwi kuingia Uingereza kutoka kwetu. Vitachukuliwa uwanjani. Kahawa ya Mbozi iliyokaangwa na kusagwa ni zawadi isiyo na shida. Dawa za presha au sukari chukua za kutosha safari nzima, zikae kwenye maboksi yake, na barua ya daktari. Hili la afya lina uzito wake. Kule huduma ya kitengo cha dharura hospitalini haitozwi, lakini ukishalazwa, mgeni wa matembezi anaweza kutozwa mara moja na nusu ya gharama ya kawaida. Bili hiyo itamwangukia mtoto aliyekualika. Bima ya safari ni ndogo ukilinganisha, kata kabla hujaondoka.

Ndege ya moja kwa moja Dar kwenda London haipo tangu British Airways walipoacha njia hiyo 2013. Watu hupitia Addis Ababa, Nairobi, Doha, Dubai au Istanbul. Tiketi za Desemba ni ghali, na anayekata mapema huokoa. Ila ogopa tiketi moja inayoonekana rahisi: ile inayokufikisha tarehe 25. Siku ya Krismasi treni za London hazitembei, za chini ya ardhi wala za juu, na mabasi ya mji yanalala. Mji wa mamilioni unanyamaza. Maduka makubwa yamefungwa kwa mujibu wa sheria ya 2004. Kama mwenyeji hana gari, mtakwenda nyumbani kwa teksi ya bei ya sikukuu. Fika tarehe 20 au kabla. Siku nyingine mabasi ni rahisi, mwaka 2025 nauli ilikuwa pauni 1.75, lakini tangu 2014 hayapokei fedha taslimu. Unagusisha kadi tu.

Wasiokwenda ibada siku hiyo hukaa nyumbani, wanakula, na saa 9 alasiri wengi wanafungua televisheni kumsikiliza Mfalme. Sisi wa redio tunajivunia kidogo hapa: hotuba hiyo ilianza redioni, Krismasi ya 1932, Mfalme George V akizungumza na watu waliotawanyika duniani kote.

Vya kutazama, vingi ni bure. Uwanja wa Trafalgar kuna mti mkubwa wa Krismasi ambao watu wa Oslo, Norway, wameupeleka kila mwaka tangu 1947, kuishukuru Uingereza kwa msaada wakati wa Vita ya Pili. Taa za Regent Street na Oxford Street huwaka tangu Novemba, na hapo ndipo giza la saa 10 jioni linapogeuka faida. Ubalozi wetu uko hatua chache tu kutoka Oxford Street, mtaa wa Stratford Place. Mwenyeji akuonyeshe mlango wake, endapo pasipoti itapotea. Makumbusho ya Historia ya Asilia hayana kiingilio, na yana mkusanyiko mkubwa wa vimondo. Mtu wa Songwe atavitazama kwa utulivu, maana cha kwetu kilichopo Mbozi kinakadiriwa kuwa na tani 16. Makumbusho hayo hufungwa tarehe 24 hadi 26, kwa hiyo panga kwenda kabla au baadaye.

Fataki za mwaka mpya kando ya mto Thames zimekuwa za tiketi tangu 2014, na huisha mapema. Wengi huzitazama kwenye televisheni, na kwa mzee mwenye baridi ya miguu tunaona hiyo ndiyo nafasi nzuri zaidi. Kengele ya Big Ben ikipiga saa 6 usiku, Tunduma ni saa 9 usiku na watu wamelala. Ukitaka kuwapigia nyumbani mwaka unapogeuka kwao, piga saa 3 usiku ya London.