KOMPYUTA NAYO IRUDISHE LAMPI YAKE

Ndugu mufanyakazi, unapotoka chini ya shimo, kazi haijaisha kama hujarudisha lampi. Lampi moja ikikosekana mahali pake, shefu anajua kwamba mutu mumoja angali chini, na kumutafuta kunaanza. Programu za kompyuta, zinazoandika vipimo vya hewa au kazi ya pompi, zina desturi kama hiyo.

Katika kompyuta za Unix na Linux, kila programu ikimaliza inaachia ile iliyoituma namba moja. 0 maana yake: nimemaliza vizuri. Namba kutoka 1 mpaka 255: kuna jambo halikuenda. Kufaulu ni kwa namna moja tu, lakini makosa ni mengi, na kila kosa linaweza kupewa namba yake.

Mbele ya kutoka, programu nzuri inapanga vitu vyake. Inaandika katika diski hesabu zilizobaki katika kumbukumbu, inafunga faili, inaondoa alama inayozuia wengine kuzigusa.

Kuisimamisha kuna njia mbili. Ishara 15 inaomba: panga vitu, toka. Ishara 9 haiombi. Programu inakatwa palepale, na hesabu ambazo hazijaandikwa zinapotea. Ikiuawa hivyo, mara nyingi utaona 143, ni kusema 128 na 15, ao 137, ni kusema 128 na 9. Kuchomoa umeme ni kubaya zaidi: hata namba haipatikani.

Lakini hatari kubwa ni uongo. Programu imeshindwa kusoma kipimo cha hewa, kisha inajibu 0. Ile inayofuata inachukua vipimo vya jana, na ekipi inashuka. Ni sawa na kutundika lampi ya mwenzako angali chini.

Kwa hiyo, tukumbuke:

1. Usichomoe umeme wa kompyuta inayofanya kazi. Nyumbani pia, tufundishe watoto kuifunga kwa njia yake.

2. Anza na ishara 15, ngojea. Ishara 9 ni ya mwisho.

3. Soma namba. Kama si 0, kazi inayofuata isianze, mwambie shefu.

4. Wewe unayeandika programu, usifiche kosa. Kosa lililosemwa linatengenezwa. Lililofichwa linangojea watu chini.