Akiba haiozi: Jinsi timu za vikapu zinavyowateua warefu wa benchi

MWANAFUNZI mrefu katika shule za Kericho na Bomet huvutwa huku na huku. Wapo wanaomtaka mbioni, fani iliyolijengea eneo hili jina tangu Wilson Kiprugut Chuma, mzaliwa wa Kericho, alipoishindia Kenya nishani yake ya kwanza ya Olimpiki jijini Tokyo mwaka wa 1964. Wapo pia wanaomsimamisha chini ya kikapu na kumwambia anyooshe mikono, basi.

Ushauri huo wa pili una kasoro. Katika mpira wa vikapu wa kulipwa, kimo humfikisha mchezaji mlangoni tu. Kinachomwingiza ndani ni kazi. Na kwa walio wengi, kazi yenyewe huanzia benchini. Ndiyo sababu yafaa walimu, wazazi na vijana waelewe jinsi makocha wanavyowateua warefu wa akiba.

Tuanze na hesabu. Chini ya kanuni za shirikisho la kimataifa, FIBA, mechi huchukua dakika 40 na kila timu husajili wachezaji 12, watano wakiwa uwanjani. Nafasi mbili za warefu zinahitaji jumla ya dakika 80. Iwapo kila mmoja wa wanaoanza atacheza dakika 28, zitabaki 24 ambazo sharti mtu azijaze. Isitoshe, warefu ndio wanaogongana na kila anayekikaribia kikapu, hivyo ni wepesi wa kufikisha faulo tano zinazomtoa mchezaji. Timu yenye mrefu mmoja ni nyumba ya nguzo moja.

Hata hivyo, kocha hatafuti nakala ya nyota wake. Mipira mingi itapelekwa kwa nyota, naye wa akiba ataambulia michache. Kwa hiyo hutazamwa mambo yasiyohitaji mpira mkononi. Je, hudaka mipira inayogonga ukingo wa kikapu na kurudi? Huwakinga wenzake kwa mwili ili wapate nafasi ya kutupa? Huzima mitupo bila kufanya faulo ovyo? Aweza kumfuata mchezaji mwepesi mbali na kikapu? Zaidi ya yote, aweza kuketi mechi tatu bila kuitwa, kisha aingie ya nne akiwa tayari?

Mfano bora ni Bismack Biyombo, mzaliwa wa Lubumbashi, jiji la Kongo linalozungumza Kiswahili. Kimo chake cha mita mbili na ushei si cha kushangaza katika ligi ya Marekani, NBA, wala si mfungaji hodari. Toronto ilimsajili mwaka wa 2015 awe msaidizi wa Jonas Valanciunas, mfungaji mwenye nguvu. Biyombo akaleta kile ambacho mwenzake hakuwa nacho kwa wingi, yaani ulinzi. Valanciunas alipoumia katika mechi za mchujo za mwaka wa 2016, Biyombo alishika nafasi yake, na tarehe 21 Mei akadaka mipira 26 iliyorudi katika ushindi dhidi ya Cleveland.

Mwezi wa Julai mwaka huo Orlando ilimpa mkataba wa miaka minne wa dola milioni 72. Hapo pana funzo jingine: huko alijikuta tena nyuma ya mfungaji, Nikola Vucevic, na mwaka wa 2018 akauzwa Charlotte. Orlando ilikuwa imelipa bei ya nguzo kwa kazi ya akiba. Lakini kazi hiyo haikumwishia Biyombo. Phoenix ilimwita Januari 2022 kwa siku 10, akabaki msimu mzima. San Antonio nayo ilimwita Februari 2025, mwezi ambao nyota wake, Victor Wembanyama, aliondolewa uwanjani kwa sababu ya damu kuganda begani.

Kisa cha Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam ni kinyume chake. Memphis ilimchagua wa pili mwaka wa 2009, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Alikuwa na mita 2.21 na sifa za kuzima mitupo chuoni Connecticut, ila mchezo wenyewe aliuanza akikaribia utu uzima. Nafasi yake ilikuwa na mwenyewe, Marc Gasol. Alipewa takriban dakika 13 kwa mechi, na Februari 2010 akapelekwa ligi ya chini. Msimu wake wa mwisho NBA ulikuwa wa 2013-14. Kipawa hakikukosekana, alitazamiwa kuwa nyota pale palipohitajika msaidizi.

Wala umri si hoja. Yao Ming alipoumia mguu Februari 2008, Houston ilimgeukia Dikembe Mutombo, aliyekuwa na miaka 41. Timu hiyo, iliyokuwa imeshinda mechi 12 mfululizo, iliendelea hadi 22.

Soko la kazi hii sasa limesogea karibu. Ligi ya Afrika, BAL, ilianza Kigali mwaka wa 2021, na mwaka wa 2025 Nairobi City Thunder ikawa klabu ya kwanza ya Kenya kushiriki. Nafasi bado ni haba. Lakini katika eneo ambako mashine za kuchuma majanichai zimezua hasira kiasi cha kuteketezwa Mei 2023, kila mlango wa riziki una thamani.

Kwa mwalimu wa michezo, hatua ya kwanza haigharimu fedha: ampe mrefu wake wa pili dakika tatu katika kila robo, na amhesabie mipira aliyodaka na wenzake aliowakinga, si vikapu alivyofunga pekee.