Bujumbura: kisomeo kikubwa chapambana na fotokopi

Jirani na kampasi ya Mutanga ya Chuo Kikuu cha Burundi, biashara ya kusoma hupitia kwenye mashine ya fotokopi. Mwanafunzi hufika na faili ya PDF kwenye flashi au WhatsApp, huchapishiwa, hulipa kwa idadi ya kurasa. Umeme wa shirika la REGIDESO ukikatika, hungoja.

Makala zenyewe si adimu kama zamani. Tangu 2002 mpango wa Hinari, unaoongozwa na Shirika la Afya Duniani, umezifungulia nchi za kipato cha chini majarida ya tiba, na Burundi imo katika kundi lisilolipa. Kilichobaki ni pa kuzisomea. Makala ya utafiti hupangwa kwa karatasi kubwa, mara nyingi kwa safu mbili. Kwenye simu msomaji huivuta kushoto na kulia hadi hoja inampotea. Kompyuta huonyesha ukurasa mzima, lakini chaji yake ni ya saa chache.

Visomeo vya wino wa kielektroniki vinalenga pengo hilo. Ndani ya kioo, chembe nyeusi na nyeupe zenye chaji tofauti hupanda na kushuka, kisha hutulia. Umeme huliwa hasa ukurasa unapogeuzwa, ndiyo maana chaji moja hudumu siku nyingi, na jua la mchana haliyafifishi maandishi.

Kindle ya kwanza ya Amazon, mwaka 2007, ilikuwa ya inchi 6: ilitosha riwaya, si makala. Mwaka 2013 Sony ilileta kioo cha inchi 13.3, kinachokaribia karatasi ya A4. Mwaka 2017 ikaja reMarkable ya Norway, inchi 10.3, na Onyx ya China inauza Boox za ukubwa mbalimbali. Kindle Scribe ya inchi 10.2 ilitoka mwaka 2022 kwa bei ya kuanzia dola 340. Vioo hivi, kwa sehemu kubwa, hutoka kwa kampuni moja, E Ink ya Taiwan, na ushindani mdogo hauteremshi bei.

Tupige hesabu. Kwa bei rasmi ya takribani faranga 2,900 kwa dola, dola 340 ni faranga 986,000, bila usafiri wala ushuru. Tuseme ukurasa unachapishwa kwa faranga 200: fedha hizo zinatoa kurasa 4,930, yaani makala 246 za kurasa ishirini. Na dola ya bei rasmi ni ngumu kuipata. Ya mtaani ni ghali zaidi, na kisomeo hupanda nayo.

Kwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza, basi, fotokopi bado ni nafuu. Kwa daktari au mhadhiri anayesoma makala mbili kila wiki, kifaa hurudisha gharama baada ya miaka miwili na ushei. Maktaba inayokiazimisha kwa zamu huirudisha mapema zaidi. Kasoro zipo: kurasa hugeuka polepole, na grafu za rangi hubaki kijivu kwenye vioo vingi.

Mfanyabiashara anayetaka kuleta bidhaa hii Bujumbura aanze na idara, hospitali na maktaba. Na mnunuzi asitoe fedha kabla ya kufungua humo makala yake mwenyewe ya safu mbili.