Mungu wa Uani na Mungu wa Nyikani

Ndugu msomaji, huenda makala haya yanakufikia ukiwa zamu, bunduki begani. Au ukiwa jikoni katika laini za askari, unangoja maji yachemke, na mwenye nyumba yuko safarini wala hujui usiku huu amelala wapi. Nimewakusudia ninyi nyote wawili. Jambo ninalotaka kulizungumza, yaani kuutumainia ulinzi wa Mungu wakati wa dhiki, lina sura moja kwa yule aliyeondoka na sura nyingine kwa yule aliyebaki nyumbani. Wazee wetu wa Padhola walilitambua hilo kabla Injili haijawafikia.

Mimi ni mzaliwa wa Paya, katika wilaya ya Tororo, upande wa mashariki ya Uganda karibu na mpaka wa Kenya. Kwetu Mungu huitwa Were. Marehemu Profesa Bethwell Ogot, mwanahistoria wa Kenya aliyeichunguza kwa makini historia ya Wapadhola, ameeleza kwamba wazee walimtaja Were kwa namna mbili. Palikuwa na Were Madiodipo, ndiye Were wa uani, mlinzi wa mji, wa mke na wa watoto. Tena palikuwa na Were Othim, ndiye Were wa nyikani, anayefuatana na msafiri, mwindaji na mpiganaji. Hawakuwa wakinena miungu wawili waliogawana kazi. Ni mmoja tu, ila mwanadamu humhitaji kwa namna mbalimbali kwa kadiri ya mahali aliposimama. Nilipokuwa chuoni nikisomea ualimu, niliyachukua maneno haya kuwa mambo ya kale ya kujibia mtihani. Nilikuja kuyaelewa baadaye, ndugu yangu wa kiume alipovaa sare ya jeshi.

Lakini afadhali nianze na bibi yangu, mama mzaa baba, maana imani yake ndiyo iliyotulea.

Mwaka 1977 bibi alikuwa mama kijana, na shangazi yangu mdogo bado alikuwa wa kubebwa mgongoni. Wakubwa wetu wanaikumbuka hali ya miaka ile. Maduka yalikuwa na rafu tupu. Sukari, sabuni na chumvi vilikuwa vitu vya kusimuliwa. Akina mama wa Padhola na wa Samia walishika njia za vichochoroni hadi Busia, wakavuka upande wa Kenya na kuku wawili watatu, wakarudi na kifurushi cha chumvi kilichofichwa. Serikali iliyaita hayo magendo, na aliyekamatwa hakuwa na hakika ya kurudi kwake.

Mwezi Februari mwaka huo hofu ilizidi mno. Usiku wa kuamkia tarehe 5 askari waliingia nyumbani kwa Askofu Mkuu Janani Luwum, Namirembe, wakidai kutafuta silaha. Nyumba ya Askofu Yona Okoth wa Dayosisi ya Bukedi, hapa Tororo, nayo ilipekuliwa. Maaskofu walimwandikia Rais Idi Amin barua tarehe 10, wakilalamika waziwazi. Tarehe 16 Askofu Mkuu aliuawa Kampala pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi. Serikali ilitangaza kuwa wamekufa kwa ajali ya gari, na sidhani kama yupo aliyesadiki. Oboth-Ofumbi alikuwa mwana wa Padhola, tena mtu wa kalamu aliyeandika kitabu cha historia na desturi zetu. Kwa hiyo msiba haukuwa wa Kampala tu; ulibisha hodi katika miji yetu wenyewe.

Katika wiki hizohizo bibi alikuwa akitoka Busia. Ndani ya kapu lake, chini ya mihogo mikavu, mlikuwa chumvi na miche miwili ya sabuni. Alipopinda kona akakuta kizuizi cha askari, mahali ambapo asubuhi hapakuwa na kitu. Kurudi nyuma kusingewezekana, maana walikwisha mwona. Anasema aliomba sala fupi kuliko zote alizopata kuomba, yaani alilitaja jina la Were mara moja, na ulimi ukakauka.

Askari akamwuliza kwa Kiswahili, "Mama, umebeba nini?"

Hapa yafaa nikiri jambo ambalo wasomaji wa Tanzania au wa pwani ya Kenya huenda likawashangaza. Kwetu, katika miaka ile, Kiswahili kilikuwa lugha ya askari. Mwanakijiji alipokisikia usiku mlangoni, moyo ulimwenda mbio. Bibi alikuwa na maneno machache tu ya lugha hiyo, aliyoyaokota sokoni. Akajibu, "Mihogo, afande."

Askari alitia mkono kapuni. Bibi aliuona ukizama mpaka kwenye kifundo, ukasimama. Alijua vidole vimefika kwenye chumvi. Yule askari akamtazama mtoto mgongoni, aliyekuwa amelala na mdomo wazi kwa joto. Akautoa mkono wake, akaupangusa kwenye suruali, akamgeukia mwenzake na kusema, "Mihogo tu." Kisha akamwambia bibi, "Nenda, mama."

Hayo ndiyo yote. Hapakuwa na malaika wala radi. Bibi alitembea hatua kama mia mbili ndipo miguu ikakataa, akaketi chini ya mti. Neno "tu" hakulijua maana yake mpaka alipomwuliza mtu siku ya pili. Na tangu siku hiyo, anasema, Kiswahili kilikoma kuwa lugha ya hofu moja kwa moja.

Nimeisikia hadithi hii tangu utotoni, nami nilikuwa nikiifurahia kama watoto wanavyofurahia hadithi inayokwisha vizuri. Nilipokua nikaanza kuuliza. Bibi, ikiwa Mungu alikuokoa wewe na chumvi yako, mbona hakumwokoa Askofu Mkuu? Mbona Oboth-Ofumbi hakurudi kwa watu wake? Askofu Okoth alinusurika akavuka mpaka, akakaa uhamishoni Kenya hadi utawala ule ulipoanguka Aprili 1979. Mwaka 1984 akawa Askofu Mkuu wa Uganda, kiti kilekile cha Luwum. Askofu Festo Kivengere wa Kigezi alipita milimani kwa miguu akaingia Rwanda. Wote walimwomba Mungu mmoja, kwa sala zilezile. Je, wale waliouawa walipungukiwa na imani?

Bibi alinikemea kwa upole. "Mjukuu wangu, ukisema hivyo utakuwa umewaua mara ya pili."

Naona maneno hayo yanatosha kuwajibu wahubiri wengi wa siku hizi, wanaotangaza kwa vipaza sauti kwamba mwenye imani timilifu hapatwi na ubaya. Mafundisho ya aina hiyo ni mepesi kuyasema mtu akiwa jukwaani. Siku ya msiba humwachia mjane mizigo miwili: kifo cha mumewe, na shutuma kwamba hakuomba vya kutosha. Biblia yenyewe haisemi hivyo. Wale vijana watatu wa kitabu cha Danieli, walipotishwa kwa tanuru ya moto, walimjibu mfalme kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa, lakini hata asipowaokoa, sanamu hawataiabudu. Hawakujua mwisho wake utakuwaje waliposema hayo. Sisi twajua kwa kuwa tumesoma mpaka mwisho wa sura.

Jumapili ya tarehe 20 Februari 1977 Wakristo walijaa katika kanisa kuu la Namirembe kumwombea Luwum. Kaburi lilikuwa limechimbwa kando ya kaburi la Askofu James Hannington, aliyeuawa Busoga mwaka 1885. Lakini mwili haukuletwa. Serikali ilikuwa imeupeleka Mucwini, karibu na Kitgum, ukazikwa huko. Watu walitoka kanisani wakasimama mbele ya shimo tupu, wakaimba. Imani ya namna hiyo haikungoja mambo yawe mema ndipo iseme asante. Leo tarehe 16 Februari ni siku ya mapumziko ya taifa nchini Uganda, na wengine huitumia kupalilia au kufua nguo, wala siwalaumu.

Sasa niwarudie ninyi mnaongoja.

Ndugu yangu alipelekwa Somalia katika jeshi la kulinda amani. Alfajiri ya tarehe 26 Mei 2023 kambi ya majeshi ya Uganda huko Buulo Mareer ilishambuliwa; baadaye Rais Museveni alitangaza kwamba askari 54 walikuwa wamepoteza maisha. Sisi Paya tulipata habari kupitia redioni, nusunusu, bila majina. Hatukujua kama ndugu yetu alikuwa katika kambi ile au nyingine. Simu yake haikuita. Mama hakulia. Alifagia ua. Akamaliza, akaufagia tena. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ua ule ulikuwa umeng'aa hata kuku waliogopa kuukanyaga.

Mimi, mwenye cheti cha ualimu, niliyekuwa nikifundisha watoto wa Jumapili habari za ndege wa angani wasiolima wala kuvuna, sikuweza kuomba hata neno moja. Nalisema hili kwa kuwa najua wapo wake wa askari wanaodhani kwamba hofu yao ni dhambi. Usiku wa tatu bibi alikuja na mkeka wake, akalala katikati ya mama na mimi. Hakuhubiri. Asubuhi akawasha moto, akakoroga uji wa ulezi, akasimama juu yetu mpaka tukaumaliza.

Siku ya tano simu ikalia. Ndugu yangu alikuwa kambi nyingine, mzima. Nilipiga kelele ya furaha, nikataka kukimbia kwa majirani. Mama akanishika mkono. "Taratibu," akasema. "Kuna mama mwingine leo simu yake haijalia." Tulitoa shukrani tukiwa ndani, mlango umefungwa.

Tangu hapo nimetafakari sana juu ya Were wa uani na Were wa nyikani. Askari akiwa ugenini hawezi kumlinda mtoto wake na homa. Mke aliyeko nyumbani hawezi kumkinga mumewe na risasi. Kila mmoja hukabidhi kile asichoweza kukifikia kwa mkono wake. Lakini kile kilicho karibu na mkono, hicho ni wajibu wetu wenyewe, na hapo ndipo wengi wetu hukosea.

Chukua mfano wa malaria. Watafiti waliofanya kazi katika wilaya yetu ya Tororo mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikadiria kwamba mtu mmoja aliumwa na mbu wenye vijidudu vya malaria zaidi ya mara 500 kwa mwaka. Bibi alizika watoto wawili kwa homa. Mwaka 2013 vyandarua viligawiwa kwa wingi, na kuanzia mwisho wa 2014 nyumba zikapuliziwa dawa ukutani; ugonjwa ukapungua ajabu. Nilipokuwa nikizungukia miji kwa kazi ya ofisi, nilikutana na mzee mmoja, mshika dini kwelikweli, aliyekataa chandarua akisema Bwana ndiye mlinzi wake. Nilitaka kumpa hotuba ndefu. Mkewe alinitangulia: "Mbona mlango unaufunga kwa komeo?" Mzee alicheka, akakipokea. Kuanzia mwaka 2020 homa ilirudi kwa nguvu, baada ya dawa ya kupulizia kubadilishwa, hivyo msikitumie chandarua kuvulia samaki wala kuzungushia miche ya nyanya. Mtoto akipata homa apelekwe zahanati siku hiyohiyo. Sala inaweza kuombwa njiani.

Ndivyo ilivyo pia kwa mshahara uliochelewa, jambo ambalo nyumba za askari na za watumishi wa serikali zinalifahamu mno. Yule mjane wa Sarepta, aliyempikia nabii Eliya kwa unga wa mwisho uliobaki chomboni, hakupewa ghala. Alipewa unga wa siku ile, na kesho yake wa siku ile tena. Nyumbani kwetu, mwezi mmoja mshahara uliposhindwa kufika, jirani alituletea ungo wa muhogo bila kuombwa. Nami najua, kwa sababu nililiona ghala lake, kwamba hakuwa na ziada.

Bibi sasa amepita miaka sabini na mitano, na macho yake yamefifia. Jioni, baada ya chakula, huomba kwa sauti, na orodha yake ni ndefu hata wajukuu husinzia. Huanza na marehemu wetu, halafu walio hai, halafu mvua, halafu ng'ombe. Baina ya mvua na ng'ombe yupo mtu mmoja asiye na jina, ambaye hakukosa kutajwa hata jioni moja tangu nianze kupata akili: "Na yule askari wa kizuizini, popote alipo, na watoto wake." Ikiwa yu hai, naye atakuwa mzee kama bibi. Pengine tukio lile alilisahau jioni ileile, alipokuwa akinawa mikono ale, chumvi ikiwa bado kwenye kucha.