Gari likianza kuvuma, lisikilize kabla ya kwenda Gerezani

Na Mwandishi Wetu

WAMILIKI wengi wa magari ya biashara jijini Dar es Salaam huanzia matengenezo mahali pasipostahili, yaani kwenye kaunta ya duka la spea. Gari limeanza kuvuma, mvumo unapanda kadiri mwendo unavyopanda, dereva amesema ni beringi, na kabla ya saa nne asubuhi mwenye gari yuko Gerezani au Shauri Moyo anauliza bei. Hapo mtu ananunua kitu kabla ya kujua anachokihitaji, na hasara yake mara nyingi huzidi bei ya spea yenyewe.

Tuchukue mfano wa mfanyabiashara anayepakia vitambaa Mtaa wa Kongo na kuvipeleka kwa wateja wake wa Mbagala kwa Noah la zamani. Tarakimu hizi ni za mfano tu, si bei za soko. Tuseme spea ni Sh 60,000, fundi Sh 20,000, na siku moja ya gari kusimama inamnyima Sh 50,000. Kila anapobahatisha anatoa Sh 130,000. Akibahatisha mara tatu, leo beringi ya mbele kushoto, wiki ijayo ya alteneta, mwishoni tairi mbili ambazo nazo tuziwekee bei hiyohiyo ili tumwonee huruma, ametoa Sh 390,000 na pengine gari bado linavuma. Kulijaribu barabarani kungemgharimu mafuta ya nusu saa.

Tatizo hili haliondoki Tanzania karibuni. Tangu serikali ilipolegeza masharti mwaka 1984 na kuwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje, barabara zetu zimeendelea kupokea magari yaliyokwishatumika, mengi yakitoka Japani. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane. Kwetu gari la umri huo halizuiwi, ila hutozwa ushuru wa ziada kwa sababu ya uzee wake. Kwa hiyo mtu mwenye mtaji mdogo wa Kariakoo hununua gari ambalo mwenzake wa nje ameshalitumia ujana wake wote, na mivumo yake anairithi.

Swali la kwanza kwa fundi au kwako mwenyewe si mvumo unatoka wapi. Uliza mvumo unafuata nini. Kuna unaofuata injini, unaofuata magurudumu, unaofuata lami, na unaofuata mguu wa dereva juu ya pedeli ya mafuta. Ukishajua unafuata nini, umeshaondoa zaidi ya nusu ya spea zote ambazo ungeuziwa.

Anza gari likiwa limesimama. Washa injini, weka gia nyutro, kanyaga mafuta taratibu. Kama mvumo unapanda na kushuka pamoja na injini, magurudumu yote manne hayana hatia. Hapo watuhumiwa ni alteneta, pampu ya stelingi, pampu ya maji na vidude vinavyokaza mkanda. Fundi mzoefu huweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye kila kimoja na mpini sikioni; kilichochakaa hukwaruza. Njia nyingine ni kuzima injini, kuvua mkanda, na kuwasha kwa sekunde chache tu. Mvumo ukipotea, kilichokuwa kikizungushwa na mkanda huo ndicho kinacholia. Kwa gari la gia za mkono, kanyaga klachi: mvumo ukijitokeza unapokanyaga, shaka ni beringi ya klachi, ukinyamaza unapokanyaga, shaka inahamia ndani ya giaboksi.

Kuna mvumo mwembamba unaotoka nyuma, karibu na tangi, hata gari likiwa limesimama. Huo mara nyingi ni pampu ya mafuta. Katika magari mengi ya petroli yenye pampu ndani ya tangi, petroli yenyewe ndiyo inayoipoza. Desturi yetu ya kuweka mafuta kidogo kidogo na kutembea siku nzima taa ya tangi ikiwaka huifanya pampu ifanye kazi kwenye joto na kufa mapema.

Kama gari lililosimama liko kimya, ndipo barabara inahitajika. Usijaribu katikati ya Kariakoo, kwani kwenye msongamano wa Msimbazi na Uhuru hutafikia hata mwendo ambao beringi huanza kusema. Tafuta Jumapili alfajiri kipande kilichonyooka cha Barabara ya Nyerere au ya Kilwa, zima redio, funga vioo. Kilomita 50 kwa saa, ambayo ndiyo ukomo wa kisheria kwenye maeneo ya makazi, kwa kawaida inatosha. Ukiwa kwenye mwendo huo, na barabara ikiwa tupu, weka nyutro. Usizime ufunguo hata kidogo, kwa sababu usukani unaweza kujifunga na breki zikawa nzito. Injini itashuka, kama mvumo unaendelea vilevile, unatoka kwenye magurudumu au tairi.

Kutenganisha hivyo viwili ndipo fedha nyingi zinapookolewa, kwa sababu masikioni vinafanana mno. Tairi hubadilisha sauti lami inapobadilika: kwenye lami mpya laini hutulia, kwenye lami kuukuu hupiga kelele. Beringi haijali sana lami ni ya mwaka gani. Pitisha kiganja juu ya uso wa tairi kwenda mbele, kisha kurudi nyuma. Ukihisi meno kama ya msumeno upande mmoja, tairi hilo limeliwa vibaya na linaweza kuvuma peke yake. Hamisha tairi za mbele nyuma na za nyuma mbele. Kama mvumo umehama nazo, umeshapata jibu bila kununua chochote.

Beringi ya gurudumu ina tabia yake. Ukikata kona pana kulia, uzito wa gari huegemea kushoto, na mvumo ukikua wakati huo, kwa kawaida mbovu iko kushoto. Ukikata kushoto, kinyume chake. Si kanuni isiyovunjika, ila ni ushahidi mzuri. Kisha inua gari kwa jeki, liweke juu ya stendi, na uzuie tairi nyingine kwa mawe, kwani jeki peke yake si ya kuaminiwa na mtu mwenye familia. Shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, beringi imelegea, au jointi iliyo nyuma yake. Likicheza ukilishika kulia na kushoto tu, tazama viungo vya stelingi kwanza. Baadaye zungusha gurudumu kwa mkono mmoja huku mkono wa pili umeshika springi: beringi iliyoliwa hutuma mtetemo kwenye springi hata pale sikio halisikii kitu.

Mvumo unaofuata mguu wa dereva ni habari nyingine. Ukikanyaga mafuta unalia, ukiachia unanyamaza au unabadilika sauti: hapo fikiria difu. Ni vema ujue gari lako linasukumwa na magurudumu yapi. Noah la kizazi cha kwanza husukumwa na ya nyuma na lina difu nyuma, kama Hiace na Mark II. Noah lililotoka kuanzia mwishoni mwa 2001, la kawaida lisilo la magurudumu manne, huvutwa na ya mbele na difu yake imo ndani ya giaboksi. Fundi akikwambia difu ya nyuma ya gari hilo imekufa, badilisha fundi. Na kwa wenye difu ya nyuma, kabla ya kumwaga oili fungua kwanza bolti ya kujazia. Ukimwaga kwanza halafu bolti ya juu ikagoma kufunguka, gari litabaki juu ya mawe.

Oili ya difu inayotoka na rangi ya chai ya maziwa imeingiwa na maji. Kwa Dar es Salaam hili si jambo la kushangaza. Mafuriko ya Desemba 2011 yalifunika bonde la Msimbazi, na Jangwani imeendelea kufungwa kwa maji katika masika kadhaa tangu hapo. Gari lililotembea hadi difu na habu zikapata moto, likaingia ghafla kwenye maji baridi, hupoa kwa ndani na kuyavuta maji kupitia sili. Siku hiyo hutasikia kitu. Kutu hufanya kazi yake taratibu, na mvumo huja wiki kadhaa baadaye, wakati dereva ameshasahau kwamba aliwahi kuvuka.

Sasa, kwa aliyethibitisha kwamba ni beringi, safari ya Gerezani ina maana. Nenda na beringi ya zamani mkononi au namba yake kwenye karatasi. Namba za beringi za kawaida za mviringo hufuata utaratibu wa kimataifa, na mnunuzi anaweza kuzisoma. Tarakimu mbili za mwisho zinaeleza tundu: 00 ni milimita 10, 01 ni 12, 02 ni 15, 03 ni 17, kuanzia 04, zidisha mara tano. Hivyo 6203 ina tundu la milimita 17, na 6205 ina tundu la milimita 25. Beringi nyingi za habu zina namba za kiwandani zisizofuata hesabu hii, ila za alteneta na vikaza mkanda huifuata mara nyingi. Herufi zinazofuata nazo ni fedha. ZZ ni kifuniko cha bati. Kifuniko cha mpira kinachogusa, kinachozuia vumbi na maji vizuri zaidi, huandikwa 2RS na Koyo, DDU na NSK, LLU na NTN. Muuzaji akikupa ya bati mahali palipokuwa na ya mpira, akasema ni kitu kilekile, si kweli.

Majina hayo ya Kijapani, pamoja na SKF ya Sweden iliyoanzishwa 1907, ndiyo yanayoigwa zaidi, maana boksi ni rahisi kuchapa kuliko chuma kukitengeneza. Tazama maandishi yaliyo kwenye chuma chenyewe, si kwenye boksi. Dai risiti ya mashine, kwa kuwa bila hiyo hata Tume ya Ushindani, ambayo ndiyo inayoshughulikia bidhaa bandia, huna cha kuionyesha. Na si siri kwamba baadhi ya mafundi hupewa cha juu na duka wanalopeleka wateja. Hakuna ubaya fundi kula, ila mwenye gari akachague mwenyewe.

Walio hatarini zaidi ni wenye gari lililo mikononi mwa dereva wa hesabu. Dereva anayeleta hesabu kila jioni hana haraka ya kulisimamisha gari, na sikio lake limeshauzoea mvumo ulioongezeka kidogo kidogo. Tajiri naye huliona gari likiwa limepaki. Beringi iliyoachwa hivyo hupata moto, huanza kucheza, hula habu na ekseli, na mwisho gurudumu linaweza kuchomoka likiwa na abiria au mzigo juu. Panda gari lako mara moja kwa wiki, kiti cha nyuma, redio ikiwa imezimwa.

Ufungaji nao una masharti. Beringi ya kushindilia iingizwe kwa presi, ikisukumwa kwenye duara linalokaza. Ikigongwa kwa nyundo, nguvu hupita kwenye gololi na kuacha alama, na mpya huanza kuvuma mapema. Zile za mbele za Hiace kuukuu, zenye roli za mshazari, zinahitaji grisi ya kutosha na nati iliyokazwa kwa kipimo: ikizidi zinaungua, ikipungua gurudumu linacheza. Kazi ikiisha, mwambie fundi akupe ile ya zamani. Ioshe kwa mafuta ya taa, izungushe, tazama njia ya gololi kwa mwanga wa jua. Ikiwa na vishimo, umelipia kilichokuwa kibovu. Ikiwa laini na inang'aa, muulize kabla hujamlipa kilichobaki.