Stendi ya katikati: Chuma kidogo kinachobeba riziki ya mhudumu wa bodaboda

MJI wa Matuu, ulioko kando ya barabara kuu ya kutoka Thika kuelekea Garissa, ni kituo cha biashara kwa wakulima wa eneo la Yatta, Kaunti ya Machakos. Ijapokuwa eneo hilo ni kavu, mfereji wa Yatta, uliochimbwa katika miaka ya 1950 na watu waliozuiliwa wakati wa Hali ya Hatari, huchota maji ya Mto Thika na kuyafikisha mashambani.

Kutoka mashambani humo hadi sokoni, chombo kinachotegemewa zaidi kwenye vijia vya vumbi na mawe ni pikipiki. Gunia la maembe, kreti ya nyanya, mtungi wa maji au mama mjamzito anayewahi zahanati, wote hupandishwa kwenye kiti hicho hicho.

Usafiri huu ulianza kwa baiskeli zilizovusha watu mpakani Busia, na ndiko lilikotoka jina la bodaboda. Pikipiki zilienea kote nchini baada ya mwaka 2008, serikali ilipoziondolea ushuru wa VAT zile zenye injini isiyozidi sentimita 250 za ujazo.

Hata hivyo, kuna kifaa kimoja ambacho wengi hukikumbuka kikishaharibika. Hicho ni stendi ya katikati, yaani ile yenye miguu miwili inayoinua pikipiki na kuisimamisha wima, tofauti na stendi ya pembeni ambayo ina mguu mmoja na huiacha pikipiki ikiwa imeinama upande wa kushoto.

Pikipiki nyingi za kazi zinazouzwa Afrika Mashariki hutoka kiwandani zikiwa na stendi zote mbili. Lakini zile za muundo wa michezo au za kupandia milima aghalabu hazina ya katikati. Aidha, zipo ambazo stendi yake imevunjika, imepinda au iling'olewa na mwenyewe baada ya kuchoshwa na kelele zake. Hao ndio hujikuta mbele ya duka la vipuri au karakana ya fundi wa jua kali wakitafuta stendi ya kufungia.

Hasara ya kukosa stendi hii si ndogo. Mzigo unapopakiwa pikipiki ikiwa imeegemea mguu mmoja, uzito wote hulemea upande mmoja. Ardhi ikiwa laini, mguu huo huzama, na pikipiki yenye uzito wa zaidi ya kilo 100 huanguka pamoja na mzigo wake.

Mkono wa klachi huvunjika, kioo hupasuka, petroli humwagika na nyanya za mkulima huwa rojo. Kwa kijana ambaye bado analipa mkopo wa pikipiki hiyo, hasara ya siku moja yaweza kumeza mapato ya wiki nzima. Akiwapo mtoto karibu, hasara yaweza kuwa ya kitu kisichonunulika.

Ili kuelewa jinsi ya kufunga stendi hii, yafaa kwanza kujua inavyofanya kazi. Stendi ya katikati ni wenzo. Imeshikiliwa chini ya fremu kwa ekseli au bolti mbili, na inapokunjwa miguu yake hulala ikielekea nyuma.

Mwendeshaji anapokanyaga kishikio chake, miguu hugusa ardhi. Akiendelea kuusukuma uzito wake chini huku akiivuta pikipiki, chombo hupanda na kurudi nyuma kidogo hadi miguu ya stendi ivuke wima na kusimama mbele kidogo ya pale iliposhikiliwa. Hapo kizuizi cha chuma huizuia isizidi kwenda mbele, na uzito wa pikipiki wenyewe ndio unaoifunga.

Ndiyo sababu mtu mwenye mwili mdogo huweza kuiinua pikipiki nzito. Kinachotakiwa ni uzito wa mwili juu ya kishikio, wala si nguvu za mikono. Anayejaribu kuinyanyua kwa mikono huishia kuumia mgongo.

Katika kuchagua stendi, jambo la kwanza ni mahali pa kuifungia. Chini ya fremu ya pikipiki nyingi kuna masikio mawili ya chuma yenye matundu, yaliyowekwa na mtengenezaji kwa kazi hiyo. Yakiwapo na yakiwa mazima, stendi ya muundo huo huo wa pikipiki hufungwa kwa bolti bila kuchomelea chochote.

La pili ni urefu, na hapa ndipo makosa mengi hutokea. Baadhi ya watu hupima umbali kutoka kwenye tundu la kufungia hadi ardhini pikipiki ikiwa imesimama kwa magurudumu yake. Wakati huo springi za nyuma zinazopunguza mtikiso zimebonyea. Stendi ikishainua pikipiki, springi hizo hurefuka na gurudumu hushuka kuifuata ardhi, na mwenye pikipiki hushangaa kuona tairi bado linagusa chini.

Kipimo sahihi hupatikana kwa kuinua sehemu ya nyuma hadi gurudumu liwe karibu kuachana na ardhi, springi zikiwa zimerefuka kabisa. Umbali wa wakati huo, ukiongezwa takriban sentimita 2, ndio urefu unaofaa. Stendi ikiwa fupi gurudumu halitazunguka. Ikiwa ndefu kupita kiasi, kuipandisha pikipiki kutakuwa adhabu na ikishapanda itayumba.

Kazi ya kufunga yenyewe haihitaji mashine kubwa. Pikipiki huwekwa mahali tambarare, injini ikiwa imezimwa na imepoa. Kipande imara cha gogo au kreti huwekwa chini ya injini au fremu, na mtu wa pili huishikilia isiyumbe. Kamwe isitegemezwe kwa bomba la moshi.

Matundu ya kufungia husafishwa tope na kutu, kisha ekseli au bolti hupakwa grisi. Stendi hupachikwa na nati hukazwa kiasi cha kuondoa mchezo wa pembeni, lakini stendi ibaki ikizunguka kwa urahisi. Kipini cha kuzuia nati isifunguke kisiachwe, na kisitumike cha zamani kilichokwisha kukunjwa mara kadhaa.

Springi ya stendi ndiyo humsumbua fundi. Ni ngumu, na ikiponyoka yaweza kumjeruhi jicho. Njia moja ya zamani ni kuikunja springi upande mmoja na kupachika sarafu au washa kati ya mizunguko yake, kisha upande wa pili. Springi hurefuka, huning'inizwa kwenye ndoano zake bila kuvutwa kwa nguvu, na stendi inaposukumwa mbele sarafu huanguka zenyewe. Miwani ya kukinga macho ni muhimu katika hatua hii.

Springi hiyo haipo kwa ajili ya urembo. Ndiyo inayoishikilia stendi juu pikipiki inapokwenda. Ikilegea au kukatika, stendi huweza kushuka na kugonga tuta au jiwe pikipiki ikiwa kwenye mwendo, na abiria na mwendeshaji wakarushwa. Stendi yenye sehemu za springi mbili isifungwe moja tu.

Baada ya kufunga, stendi ipandishwe na kushushwa mara kadhaa. Mambo manne yakaguliwe: je, gurudumu la nyuma linazunguka huru? Je, stendi ikikunjwa inagusa mnyororo, bomba la moshi au tairi? Je, bolti ya kumwagia oili bado inafikika? Na je, watu wawili wakikaa kitini, stendi inabaki juu ya ardhi kwa nafasi ya kutosha?

Swali hilo la mwisho husahaulika. Stendi hushuka pamoja na fremu mzigo unapozidi, hivyo iliyoonekana kuwa juu karakanani yaweza kukwaruza kila tuta barabarani. Katika kona, stendi inayogusa lami huweza kuliinua gurudumu na kuiangusha pikipiki. Nati nazo zikaguliwe tena baada ya siku chache za kazi.

Mambo huwa tofauti pale masikio ya fremu yamekatika au hayakuwapo tangu mwanzo. Hapo wengi hukimbilia kuchomelea. Mabomba ya fremu ni membamba, na moto mwingi hudhoofisha chuma kando ya mahali palipochomelewa. Ufa unaoanzia hapo huenda usionekane hadi siku pikipiki itakapobeba mzigo mzito.

Kwa hiyo, kazi hiyo ifanywe na fundi anayejua fremu, si kila mwenye mashine ya kuchomelea. Tangi la petroli na mpira wake vitolewe na kuwekwa mbali, kwani mvuke wa petroli huwaka upesi kuliko petroli yenyewe. Betri nayo ifunguliwe nyaya zote mbili, kwa sababu umeme wa kuchomelea huweza kuunguza vifaa vya umeme vya pikipiki. Stendi iliyopinda ing'olewe na kuchomelewa ikiwa pembeni, si ikiwa imefungwa.

Faida za stendi iliyofungwa vyema huonekana kila siku. Mzigo hupakiwa na kufungwa pande zote mbili kwa usawa. Tairi la nyuma likipata pancha, hufunguliwa bila kutafuta mawe. Mnyororo hukaguliwa, husafishwa na kupakwa mafuta huku gurudumu likizungushwa kwa mkono.

Kazi hiyo ya mnyororo ifanywe injini ikiwa imezimwa na gia ikiwa huru. Kitambaa kikinaswa kati ya mnyororo na meno yake wakati injini inanguruma, vidole hufuata kabla mtu hajatanabahi. Watoto wasiachwe kuchezea gurudumu lililoinuliwa.

Vilevile, stendi hii haipendi mteremko. Kwa kuwa hukunjika pikipiki inaposukumwa mbele, chombo kilichoelekezwa bondeni huweza kujisukuma chenyewe na kuondoka. Palipo na mwinamo, pikipiki ielekezwe mlimani. Kwenye mchanga au udongo uliolowa, kipande cha ubao chini ya miguu ya stendi huizuia isizame. Wala mtu asikae juu ya pikipiki iliyo kwenye stendi huku ikipakiwa, kwa sababu stendi hiyo haikuundwa kubeba chombo, mzigo na watu kwa pamoja.

Kila asubuhi, kabla ya kutoka, mhudumu hukagua breki, taa na petroli. Kuinama kidogo zaidi na kuivuta springi ya stendi kwa kidole hakuchukui hata dakika moja. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mhudumu wa Matuu, ufa huo ni springi iliyolegea, na ukuta ni pikipiki iliyolala kando ya barabara, mzigo wa watu ukiwa umetapakaa, na mkopo ukiwa haujaisha.